Nusu ya Ndevu, Nusu ya Kombe

Jumamosi, 2 Novemba
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika redio nne, makocha kumi na saba, na daktari aliyeniambia niache chumvi. Shule niliishia darasa la pili, lakini mpira naujua kuliko walioubuni. Kesho fainali ya kombe la bara! Mikondo miwili: kesho kwetu, wiki ijayo kwao. Shemeji yangu, fundi viatu, kazaliwa kwa hao wapinzani. Dada yake, mke wangu, kazaliwa huko huko, ila yeye nilishamwongoa. Tumewekeana dau mbele ya kinyozi: atakayeshindwa ananyolewa ndevu. Zangu zina miaka arobaini! Tarehe 16 tunapiga picha ya ukoo. Nitakaa katikati na ndevu zangu. Shemeji pembeni, kidevu kama yai.

Jumapili, 3 Novemba
Mbili bila! Nimemburuta shemeji hadi kwa kinyozi. Akasema subiri marudiano, mzee, kombe halijatolewa. Kinyozi naye, subiri. Waoga! Nikatunga sheria papo hapo: mkondo mmoja, nusu ya ndevu. Shemeji akanitazama sana, akauliza kama sheria hiyo ni ya wote. Nikamwambia sheria ni msumeno! Kanyolewa shavu la kulia. Nimecheka hadi meno ya bandia yakadondokea kwenye beseni la sabuni.

Jumanne, 5 Novemba
Nimepita kibandani kwa shemeji mara tisa, kumsalimia tu. Mke wangu kauliza, na mkifungwa huko je? Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Mabao vilevile.

Jumapili, 10 Novemba
Tatu bila. Tatu! Refa kipofu, uwanja umeinama. Bao la tatu, nikasikia kigelegele jikoni. Mke wangu kasema eti kaungua na sufuria. Jumla tatu kwa mbili, kombe wamebeba wao. Shemeji kaja na taulo begani, anadai ndevu zote. Nikamkumbusha sheria: mkondo mmoja, nusu. Sawa, akasema, msumeno ukate. Shavu la kushoto limekwenda. Kinyozi kanisihi nimalizie, nionekane mtu. Ng'o! Kumalizia ni kukubali tumefungwa. Shemeji naye hamalizii. Kashinda, anyoe kwa nini?

Jumamosi, 16 Novemba
Mpiga picha kauliza kama huu ni ugonjwa wa ukoo. Wajukuu wameangua kicheko. Mimi nikageukia ukuta, shemeji akageukia dirisha. Mke wangu akatushika masikio sote wawili, akatubandika shavu kwa shavu, yale yenye ndevu. Ndevu moja kamili! Tena katikati ya picha, kama nilivyosema. Wazo lilikuwa langu, yeye kaniwahi kulitamka tu.

Shemeji katania kwamba sasa nimepata akili. Akili ninazo tangu zamani! Kwa kombe lijalo tumeshawekeana dau: nyusi. Hapo siwezi kushindwa. Nyusi ni mbili, mikondo ni miwili.

Anayebisha amuulize kinyozi. Mke wangu msimuulize.