Daktari wa Matikiti Maji

Geng Shuisheng aliingia kwenye supamaketi ya Bi Luo kufuata kiyoyozi tu. Wuhan mwezi wa saba haina huruma, na mtu asiye na kazi maalumu hupumzika palipo na baridi. Alikuwa amesimama karibu na rundo la matikiti maji, akijifanya mnunuzi, alipomwona Bibi Qiao.

Bibi Qiao, mstaafu wa kiwanda cha nguo, alikuja na pajama zake za maua kama ilivyo kawaida ya mtaa ule, na alikuwa akigonga matikiti. Aligonga la kwanza, akatega sikio, akatikisa kichwa. Akagonga la pili, akatikisa tena. Hatimaye akapata moja la kumridhisha, akalibeba hatua mbili, akasita, akalirudisha na kuanza upya. Nyuma yake watu watatu walisubiri zamu yao ya kugonga.

Geng alitazama mambo hayo na moyo wake ukachangamka. Watu wa Wuhan wote hugonga tikiti kabla ya kulinunua. Baba zao waligonga, nao wanagonga. Lakini mbane mmoja umwulize anasikia nini hasa humo ndani, atakwambia "linaitika vizuri", kisha atabadilisha mazungumzo. Mji mzima ulikuwa ukibisha hodi bila kujua nani anaitikia.

Akauliza huku na huko, akagundua jambo la pili: matikiti ya Bi Luo yalikuwa mazuri yote. Shemeji yake aliyaleta kutoka mashamba ya mchangani, yakiwa yameiva juani, na msimu mzima halijarudishwa hata moja. Hapo mpango ukajikamilisha wenyewe. Kazi ilikuwa kuwauzia watu kitu ambacho tayari walikuwa nacho.

Kesho yake Geng akaja na koti jeupe na kile kidude cha daktari cha kusikilizia moyo.

"Usiligonge hivyo, Bibi, utalipandisha presha," alimwambia Bibi Qiao.

"Wewe nani?"

"Daktari Geng. Matikiti ndiyo wagonjwa wangu. Hebu lete."

Akalibandika kidude, akafumba macho, akakunja uso. "Sukari ipo. Maji yapo. Mkweo akila hili ataacha kukununia."

"Umejuaje kama amenuna?"

"Limeniambia."

Katika mtaa ule hakukuwa na bibi hata mmoja ambaye mkwe wake hakuwa amenuna, lakini Bibi Qiao hakuwa na nafasi ya kufikiria hayo. Alitoa yuan tano za kusikilizwa, akapigiwa muhuri mwekundu kwenye ganda, na akapewa ahadi ambayo Geng aliitangaza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye rafu za sabuni: likitoka bichi, unarudishiwa bei yake mara mbili.

Bi Luo alikuwa akitazama yote kutoka kaunta. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyeachika, mchache wa maneno. Geng alijiandaa kufukuzwa. Badala yake mama huyo akamletea kigoda na kikombe cha chai.

"Endelea, Kaka Geng. Naona matikiti yanatoka haraka."

"Na mgao wako, Dada Luo?"

"Sitaki kitu. Kula jasho lako."

Tapeli mzoefu akiambiwa "sitaki kitu" hushika viatu mkononi na kutimua mbio. Geng alikuwa mzoefu, ila alikuwa pia na miaka hamsini, na analala kwenye roshani ya binamu yake pamoja na mashine ya kufulia. Alikunywa ile chai akaona ina utamu wa ajabu. Baada ya wiki moja alikuwa keshajiona yuko nyuma ya kaunta, mume wa mwenye duka, mtu mwenye ufunguo wa mlango wake mwenyewe.

Kwa hiyo Bi Luo alipomletea chupa kubwa ya kioo, hakushtuka.

"Watu wanaogopa ahadi ya mdomo," alisema Bi Luo. "Weka dhamana yako humu, ikae kaunta waione. Ikijaa noti, hata akina Fan watakuja."

Fan alikuwa bwana mmoja wa magorofa mapya, anayenunua matikiti kumpelekea bosi wake. Geng akatia mapato yote ya msimu, akaongeza na akiba yake ya zamani aliyokuwa ameishonea ndani ya mto. Ndiyo mali yake yote chini ya jua. Bi Luo akafunga kifuniko na kufuli, na ufunguo akautundika kiunoni. Geng aliona kama wameshaanza kuishi pamoja.

Kisha mvua zikanyesha siku nyingi. Wakulima, kwa hofu ya mafuriko, walichuma haraka chochote kilichokuwa shambani. Asubuhi moja lori zima likasimama mbele ya duka.

"Mzigo mkubwa leo," alisema Bi Luo. "Yasikilize yote kabla hatujafungua. Yuan zako tano kwa kila tikiti nitakukusanyia kaunta kwa wanunuzi."

Geng akapiga hesabu kichwani, akapiga muhuri kwa furaha. Kidude hata hakukitoa mfukoni. Kufikia saa tatu hakukuwa na tikiti ambalo halikuwa na alama nyekundu.

Saa nne Bibi Qiao akarudi na nusu tikiti kwenye beseni. Ndani lilikuwa jeupe kama tango.

"Daktari, mgonjwa wako huyu hata hajazaliwa."

"Bahati mbaya, Bibi. Moja katika elfu."

Bi Luo akafungua kufuli, akamlipa Bibi Qiao mara mbili mbele ya watu. Bibi Qiao akazitazama noti, akalitazama rundo, akanunua matikiti mengine mawili.

Kufikia saa sita mtaa wote ulikuwa na habari. Watu walitoka na pajama, na ndala, wengine na vigari vya watoto vya kubebea matikiti. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyegonga. Fan alinunua manne, akaazima kisu akayapasulia pale pale kaunta, yote meupe, akalipwa, akanunua manane.

"Hili limekuwa na wekundu kidogo," alilalamika mwanamke mmoja kwenye foleni. "Nibadilishieni."

Ndipo Geng, kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, akayatazama matikiti. Yote yalikuwa na matumbo meupe. Tikiti lililolala shambani hadi kuiva huwa na baka la njano upande wa chini, na hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Noti ndani ya chupa zilikuwa zimeshuka chini ya nusu. Akajipenyeza hadi kaunta.

"Dada Luo, usiuze tena. Ni mabichi."

"Daktari ameyasikiliza mwenyewe. Mimi muuza duka tu, nitajuaje?"

"Unajua. Ulijua tangu jana."

"Tangu siku ya kwanza," alisema Bi Luo, huku akimrudishia mteja chenji. "Ulimsikilizia Bibi Qiao tikiti wakati vya masikioni vinaning'inia shingoni. Nikasema, huyu daktari anasikia kwa kola ya shati. Foleni hiyo inakua, Kaka Geng."

Geng akapiga hesabu nyingine, na safari hii hakuifurahia. Kila tikiti likiuzwa kwa mtu, atalilipa mara mbili. Akilinunua mwenyewe, atalilipa mara moja.

"Yaliyobaki yote nanunua mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa bei ya leo?"

"Kwa bei ya leo."

"Na zile yuan tano za daktari?"

"Dada Luo, daktari ni mimi."

"Haya, hizo nakusamehe."

Foleni ikazomea na kutawanyika. Bi Luo akamimina kilichobaki kwenye chupa, akakitia kwenye droo ya pesa. Mzigo alioununua kwa bei ya kutupa ulikuwa umekwisha wote kabla ya chakula cha mchana, na Geng alikuwa amesimama kando ya mlima wa matikiti mabichi, ana yuan chache za mfukoni, na koti jeupe limelowa jasho. Alitaka kumchukia. Alijaribu kwa dhati, akashindwa, maana katika miaka yake yote ya kuwaingiza watu mjini hakuwahi kuona kazi safi kama ile, na sasa ndiyo alimpenda kwelikweli.

"Nitayafanyia nini yote haya?" aliuliza.

"Achari," alisema Bi Luo. "Tikiti bichi halina mpinzani kwa achari. Chumvi iko rafu ya pili."

Geng akaenda rafu ya pili, akachukua pakiti mbili, akarudi kupanga foleni peke yake mbele ya kaunta.