Ombi la Kutojenga Hoteli, kwa Kuwa Imo Sebuleni Kwangu

Simi-Simi, Kisangani
Jumatatu, kabla ya kengele ya shule

Kwa Bwana Mwenyekiti wa Tume ya Mashauriano kuhusu Hoteli na Jumba la Mikutano la Katikati ya Mji

Bwana Mwenyekiti,

Mimi ni Kanyere Wivine, mwalimu wa darasa la tano, mke wa Eddy aliye katibu wa Tume yako. Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa nimekaa jikoni juu ya gunia la mihogo, kwa sababu viti vyote sita vya nyumba yangu viko kikaoni.

Nilikusikia redioni ukisema kwamba lazima fedha za umma zijenge hoteli ya vyumba mia na ishirini, pamoja na jumba la mikutano, kwa kuwa mji wetu "hauna mahali pa kupokelea wageni." Maneno hayo yaliniumiza. Naomba uyafute, na mradi uufute pamoja nayo, kwa sababu zifuatazo:

1. Hoteli ipo. Wajumbe kumi na mmoja walipofika kujadili kama mji unahitaji hoteli, walikosa pa kulala. Eddy akaja nyumbani, kofia mkononi, akaniambia, "Wivine, iko siku mbili tu. Bon, tatu, kama mvua inanyesha." Hii ni wiki ya tano, na mvua haijakosa sababu ya kunyesha.

2. Siku ya tatu niliwapa jembe, kama wahenga walivyotuagiza kuhusu wageni. Walilipokea kwa makofi, wakaunda kamati ndogo ya jembe. Bado haijatoa ripoti.

3. Vyumba vyetu ni vya hadhi. Papa Osée wa Opala, kiongozi wa wanaopinga hoteli, alipewa kitanda changu kwa ajili ya mgongo wake, na tangu hapo anapinga akiwa amelala. Anasema si haki umma ununue vitanda wakati "batu ya Kisangani iko na roho muzuri." Roho hiyo muzuri, Bwana Mwenyekiti, inalala mkekani na mabinti zake wawili.

4. Jumba la mikutano pia lipo. Wanaotaka hoteli wako upande wa dirisha, wakiongozwa na Bwana Idrissa, muuza vitenge kutoka Maniema. Wanaopinga wako upande wa kabati. Wasio na msimamo wamekaa mlangoni kabisa, na hao ndio wanaonizuia kupita. Jumanne nilikuja na sufuria la pondu, majani ya mihogo niliyoyatwanga tangu alfajiri, Bwana Idrissa akainua mkono: "Mama, omba kwanza neno." Nikaomba. Nikapewa dakika mbili. Nikasema pondu inapoa. Kauli yangu iliandikwa upande wa wanaopinga.

5. Huduma zetu zimeshapimwa kitaalamu. Madame Prudence, mtafiti aliyekuja kwa mashua kutoka Yangambi, aligawa karatasi za maswali ili ajue wageni wanaridhika kiasi gani. Matokeo aliyabandika juu ya mlango wa jiko langu. Lituma ya ndizi za kuponda: nzuri sana. Maji ya kuoga: hayatoshi. Mwenye nyumba: hatabasamu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo huku nasugua masufuria, kwa sababu mtafiti hakusema uongo. Nilijaribu kutabasamu palepale, mbele ya bata, nikaona shavu limesahau njia.

6. Hata ulinzi upo. Jumamosi mama yangu mzazi alivuka mto kwa mtumbwi kutoka Lubunga kuja kuniona, na ndizi kichwani. Mlangoni Papa Osée akamuuliza, "Weye ni mjumbe ao mutazamaji?" Mama akajibu, "Miye ni mama yake." Wakamwandika mtazamaji. Alikaa kwenye benchi la nyuma mpaka alasiri, haruhusiwi kusema, akarudi kwake kabla sijamaliza kupakua. Ndizi zake zilijadiliwa, zikapita bila kupingwa.

Kwa hiyo naomba nyumba yangu itangazwe rasmi kuwa Hoteli na Jumba la Mikutano la Mji. Nahitaji kibao chenye nyota nne (ya tano naiacha kwa ajili ya choo), waya wa umeme, na askari mmoja anayejua kusoma jina la mama yangu. Mimi nitakuwa Mkurugenzi Mkuu. Na kama desturi ya wakurugenzi wakuu ilivyo, nipewe makazi mbali na mahali pa kazi, pamoja na mabinti zangu. Eddy abaki, ndiye katibu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, dereva, na yule mzee anayelinda muhuri wa Tume. Wajumbe wote wanakusalimu kwa kauli moja, jambo la kwanza walilokubaliana tangu zile ndizi.

Nabaki wako mtiifu, mpaka kikao kitakapoahirishwa,

Kanyere Wivine

N.B. Nilikwenda shuleni nikaisahau barua hii mezani. Niliporudi nikakuta wameisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na wamepiga kura. Wote kumi na mmoja, hata Bwana Idrissa, wamekata shauri kwamba hoteli haihitajiki, na barua yangu imeambatanishwa kama ushahidi. Papa Osée alinipa mkono wa pongezi, akasema watabaki mwaka mmoja kufuatilia utekelezaji. Bwana Mwenyekiti, jenga. Jenga vyumba mia tatu. Nasikia mnahitaji mchanga: kesho nitaanza kuubeba mimi mwenyewe, kwa kichwa.