Fundi Marcelo na Mashine ya Soda

Mji ambao watu wake wanaibiana kwenye mzani wa pamba haukosi kumlisha mtu makini. Ndivyo alivyowaza Marcelo aliposhuka Bariadi na mashine ya soda, ile ya kutumbukiza pesa ikatoa chupa, aliyoinunua kwa bei ya chuma chakavu Mwanza, msimu ule ambao kila mwenye mzani na ulimi alikuwa mnunuzi wa pamba. Akiba yake yote, sarafu tupu, ilikuwa tumboni mwa mashine. Hicho ndicho kilichokuwa chambo.

Akaiweka kwenye baa ya Nyamizi, mjane aliyenunua pamba ya wakulima mchana na kuwauzia bia jioni.

"Mwadila, mayu. Naijaribu tu kabla sijaikodisha," alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma akivaa mabuti ya mpira. "Usalama kwanza. Mikono iwe mikavu, na nyuma yake asisogee mtu, umeme utamkausha. Hapa inasoma noti. Bandia inaitema."

Walevi wakarudi nyuma kwa heshima ambayo hata padri hakuipata kwao. Marcelo akaingiza noti ya elfu moja. Mashine ikanguruma, ikatapika sarafu za elfu moja na mia tano.

"Hesabu yake haijatulia," alisema kwa masikitiko makubwa. "Nitairekebisha sasa hivi."

"Irekebishe kesho, baba," Nyamizi alisema. "Leo tuijaribu vizuri."

Marcelo akamdharau papo hapo. Alikuwa na kawaida ya kuwadharau watu kabla ya kuwala, roho isije ikamsumbua.

Nyamizi akaleta bahasha kutoka chumbani. Noti ya kwanza ilipomezwa alisita, akaitazama mashine, akamtazama fundi, kisha akaendelea kwa bidii. Sarafu zikajaa kwenye kanga yake. Zilipokwisha, Marcelo akatangaza kwamba noti zinazofuata zitalipwa kwa mkupuo, na mama akasukumiza elfu kumi kumi mpaka bahasha ikabaki tupu. Hapo moshi ukatoka.

"Imeungua. Inarudi Mwanza."

Akazitoa noti zote tumboni mwa mashine, akaipakia kwenye lori. Lilipofika Ngulyati dereva akadai nauli ya mzigo. Aliinua juani noti aliyopewa, akacheka bila furaha, akamshusha Marcelo na kubaki na mashine. Fundi akarudi Bariadi kwa miguu.

"Mayu, noti zako ni bandia."

"Zote," Nyamizi alikubali. "Wanunuzi wenzangu walinibambikia msimu uliopita. Kuzichoma roho iliniuma. Mashine yako ilipoimeza ya kwanza, nikajua na wewe ni wa aina gani."

"Nakwenda polisi."

"Nenda, mwanangu. Ila hizo noti ziko mfukoni mwako, siyo mwangu."

Marcelo akakaa kwenye kreti. Aliona aibu, na njaa, na njaa ilikuwa kubwa zaidi. Akauliza kama kuna kibarua.

Jioni ile alipakia magunia ya pamba ya Nyamizi mpaka mgongo ukakataa. Akalipwa kwa sarafu zake mwenyewe, tena pungufu.