Mkono wa Gia Chini ya Kiti cha Abiria

Jumatatu, 2 Desemba

Siku ya kumi tangu nimalize kidato cha nne. Giaboksi ya pikapu ya baba imekufa rasmi. Imebaki gia ya nyuma tu, na kutoka Mkuza hadi Kurui hakufikiki kinyumenyume. Mananasi yetu yanaiva huko shambani bila sisi.

Shangazi Nuria alikuja kutoka Tangini. Alisema kwa kuwa sina kazi, nikakae dukani kwake nijifunze cherehani. Mimi nataka gereji, kwa fundi Kondo. Niliandika ombi kwenye karatasi, nikaliweka chini ya sahani ya baba. Akalisoma mbele ya shangazi. Kwa sauti!

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Aliuliza ni fundi gani asiyeweza hata kumwita muuza maandazi. Ni kweli. Huwa namfuata kimya mpaka ageuke mwenyewe.

Jumanne, 3 Desemba

Nina mpango! Babu Kibwana wa Kurui ana kipanya cha abiria, cha dizeli, kilichokufa, sasa ni banda la kuku. Injini yake na ya pikapu yetu ni ndugu wa tumbo moja. Kondo amethibitisha.

Karatasi ya pili chini ya sahani. Baba amesema pikapu ikienda Kurui na kurudi na mananasi kabla ya Jumapili, atanipeleka mwenyewe kwa Kondo. Ikishindwa, Jumatatu niko kwenye cherehani. Shangazi ameshaniletea tepu ya kupimia nguo. Nimeipokea kwa shukrani. Nitapimia giaboksi.

Jumatano, 4 Desemba

Kurui, na baba na Kondo, kwa kirikuu, kigari cha mizigo cha jirani. Babu Kibwana alitoa giaboksi bure kwa sharti moja: kuku anayetamia kwenye kiti cha dereva asiguswe. Kondo alifungua bolti kutokea chini huku kuku akimtukana kutokea juu.

Nilipima kila kitu. Meno ya shafti: ishirini na moja. Ya pikapu: ishirini na moja! Matundu ya bolti sawa. Urefu sawa.

Kitu kimoja kidogo. Juu ya giaboksi hapakuwa na mahali pa kuchomeka mkono wa gia. Kulikuwa na fito mbili tu zinazokwenda mbele, mbali, mpaka kwa dereva. Nilitaka kuuliza. Lakini wanaume walikuwa wanabishana habari za kuku. Nikaona haya. Nikaandika pembeni mwa daftari, kwa herufi ndogo.

Ijumaa, 6 Desemba

Imekaa! Bolti zote! Kondo akapanda, akaketi, akanyoosha mkono kutafuta gia. Hakuna gia. Akauliza nani alipima. Wote wakanitazama mimi. Mimi nikaitazama tepu.

Kondo akaunganisha ufito kwa kuchomelea. Upande wa dereva kuna bomba la moshi, kwa hiyo ufito umepita kushoto. Mkono wa gia umetokea chini ya kiti cha abiria, karibu na mlango. Baba ana mikono mirefu, lakini si kiasi hicho.

Shangazi alipata habari kabla ya magharibi. Ametuma ujumbe kwamba cherehani imeshatiwa mafuta.

Jumamosi, 7 Desemba

Tumeondoka hivyohivyo. Mimi kiti cha abiria. Baba anakanyaga klachi, anasema "Moja!", mimi natia gia, najibu "Imeingia!" Nisipojibu, hajui aachie klachi lini. Ndipo penye shida. Mkuza nzima nilijibu kwa kutikisa kichwa. Baba alikuwa anatazama barabara.

Tangini, kwenye kimlima cha dukani kwa shangazi, gari likazimika. Shangazi akatoka na wateja wanne, pini mdomoni. Alimwuliza kaka yake kama amekuja kushonewa gari.

Baba akawasha. "Moja!" Nikatia. Watu watano wananitazama. Nikanyamaza. Baba akaachia breki akingojea jibu. Gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea meza ya mkaanga mihogo.

"IMEINGIA, BABA!"

Sikujua nina sauti ile. Mteja mmoja aliangusha kitenge. Shangazi alitoa pini mdomoni.

"He! Kumbe mtoto ana king'ora!"

Tukapiga kelele mpaka Kurui. Kuku ametotoa vifaranga tisa. Tumerudi na mananasi pikapu nzima, na koo zimekauka.

Jumapili, 8 Desemba

Baba ametimiza ahadi. Kondo amekubali, naanza kesho! Kazi yangu ya kwanza ni kuurudisha mkono wa gia kwa dereva. Baba akamwambia Kondo asiharakishe. Alisema hajawahi kuongea nami sana kama jana.

Shangazi alikuja kudai tepu yake. Nimempa nanasi. Tepu bado naihitaji, maana usukani wa pikapu unacheza, na nimekumbuka kwamba wa kile kipanya ni mzima kabisa. Bolti nne kwa nne! Kitu kimoja kidogo: fimbo ya usukani wake imesimama wima, yetu imelala. Nilitaka kumwuliza Kondo. Nikaona haya. Nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo.