Kura ya Magoti

Jumatatu, 4 Agosti

Mjukuu wangu Ratri, muuguzi wa kituo cha afya, leo kanivunjia heshima. Eti dawa yangu ya magoti haijathibitishwa. Miaka arobaini naibeba mgongoni sokoni, nani kanirudia kulalamika? Akajibu kwamba wasiopona hawarudi, Bibi, utawasikia wapi. Ulimi wa mama yake huo.

Kituo kinataka muuzaji mmoja wa dawa za kienyeji kwenye mazoezi ya wazee kila Ijumaa. Dawa yangu ikishindwa jaribio, nafasi ni ya mshindani wangu, Mbah, yaani Bibi, Sarpinah na mafuta yake ya kuchua yanayonuka beberu.

Wazee ishirini. Kumi dawa, kumi maji ya rangi yenye pilipili, wasijue nani kapata nini. Wagawanywe kwa kura. Nikauliza kwa nini nisichague mwenyewe. Ratri akasema nitajichagulia wenye magoti mazima.

Nani kamwambia?

Jumanne, 5 Agosti

Kura nimepiga mimi, kwa kikombe changu cha arisan, upatu wetu wa kila mwezi. Karatasi za wenye magoti mazima nilizipaka nta ya mshumaa. Vidole vikazijua, vikazitoa kwanza. Wote kumi kapu la kushoto, la dawa. Ratri anadhani sijui lipi ni lipi. Pua hii sikuiazima.

Nikaenda kukaanga tempe yangu ya soya, moyo kwatu.

Jumanne, 19 Agosti

Maji yameshinda.

Kumbe nilipogeuka wazee walibadilishana chupa. Mazoea ya arisan: ambaye jina lake limetoka kwanza humpisha mwenye shida. Karsiman, anayepanda minazi mpaka leo, kampa chupa yake mwenye mkongojo, akasema yeye anaweza kungoja. Kungoja nini, mjinga wewe? Wagonjwa wote wakanywa dawa yangu, wazima wakanywa maji.

Sarpinah kapita akiuliza kama nauza kwa ndoo.

Ratri kasema jaribio limeharibika, halithibitishi chochote, si dawa si maji. Linarudiwa kesho. Kura atapiga yeye.

Jumatano, 20 Agosti

Mtoto kasoma mpaka kapofuka. Maji yalishinda, kijiji kizima kimeona.

Alfajiri nimebadilisha vilivyomo: maji kwenye chupa za dawa, dawa kwenye chupa za maji. Apige kura apendavyo.

Sokoni nimeshauza chupa sita za maji. Mpaka jioni hakuna aliyerudi kulalamika.