Kurasa Thelathini na Moja za Shukrani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kazi imeanza rasmi. Kitabu kitaitwa Jibini ya Masisi na Mimi. Mambo ya kweli tupu, si hadithi za kubuni. Kitasomwa dunia nzima: mtu anaagiza kwenye mtandao akiwa kwao, na mashine ya huko huko inamchapia. Ferdinand, mwenye papeterie (duka la karatasi na kalamu) inayotazamana na yangu hapa mtaa wa Birere, ametoa chake juu ya volkano. Anadai ana msomaji Norwe. Mmoja! Anamtaja kila asubuhi kama mtu anavyomtaja mkwe tajiri. Mimi nitapata Wanorwe wawili.

Mama yangu, Nyirakamana, amefurahi. Ameomba kitu kimoja tu, jina la papa, marehemu baba yetu, liandikwe. Papa Twagirimana alitengeneza jibini miaka thelathini kule kilimani kwetu Masisi, na tangu tukimbie vita hatujaweza kufika kwenye kaburi lake. Mama anasema kaburi likishindikana, basi karatasi. Nimemwahidi. Jambo dogo.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeanza kuwahoji wazee wa Masisi wanaoishi huku mjini. Wa kwanza, Papa Ndayambaje. Kosa langu: nilimwambia nitamshukuru kwa jina mwishoni mwa kitabu. Akauliza kama ng'ombe wake Gaju ataandikwa pia. Nikakubali. Akasema basi na Nsanzimana aandikwe, maana ndiye aliyempa Gaju, na mtu wa kwetu hataji ng'ombe akamruka aliyempa. Haya. Kumbe Nsanzimana naye alipewa mama wa Gaju na mzee mmoja wa Ngungu, na mzee wa Ngungu naye hakuokota ng'ombe njiani. Tulipanda ukoo wa Gaju hadi saa ya kula. Kurasa mbili zimejaa. Jibini bado hatujaigusa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Habari zimeenea. Watu wanakuja papeterie bila kuitwa, wamevaa koti za Jumapili. Kila mmoja na ng'ombe wake, kila ng'ombe na aliyemtoa. Mama Nsimire hana ng'ombe, alikuwa akiuza jibini kando ya barabara ya Sake. Ameomba liandikwe jiwe alilokuwa akikalia. Nimeliandika. Ningefanyaje?

Wakimaliza kutaja, wanaanza kuuliza kuhusu ukungu, kama nakumbuka ulivyokuwa ukiingia jikoni asubuhi. Nakumbuka. Nakumbuka papa akigonga jibini kwa kidole na kutega sikio, nasi watoto tumepanga mstari mlangoni tukingoja vipande vya pembeni. Aligawa kuanzia mdogo. Leo nimepakumbuka nyumbani, nikafunga duka mapema.

Jumanne, 14 Oktoba
Balaa. Nimehesabu. Sura zangu, kurasa ishirini na saba. Shukrani, thelathini na moja. Mnorwe atafanya nini na Gaju?

Patricia, dada yangu, ndiye anayepanga kurasa kwenye kompyuta. Nimempa amri: akate bila huruma kila kitu ambacho dunia haikihitaji, kisha atume kitabu mtandaoni. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwambia mwandishi mkubwa hasiti. Halafu akauliza papa yuko ukurasa gani. Hapo nilishtuka. Watu wote hao, papa sikumwandika. Mahali pake nimeweka picha yangu. Nimemwambia amtafutie nafasi, labda karibu na nambari yangu ya simu.

Jumapili, 26 Oktoba
Ushindi! Nakala arobaini kwa wiki moja. Ottawa, Bruxelles, Nairobi, hata Australia. Norwe tatu. Nimepita mbele ya Ferdinand mara nne nikiimba nyimbo za kanisa.

Na barua imefika kwenye simu, ya dada mmoja Julienne wa Ottawa. Alitoka Masisi ana miaka sita. Anasema amemkuta mama yake ukurasa wa tisa, pamoja na ng'ombe wao Bihogo na jirani aliyewapa. Amempigia kaka yake, wakasoma kwa sauti ukurasa hadi ukurasa, chakula kikapoa. Alidhani amebaki yeye tu duniani anayemkumbuka Bihogo.

Barua nzuri. Lakini hana hata neno moja juu ya sura yangu ya tatu. Nikaingiwa na wasiwasi, nikamwomba Patricia anionyeshe kitabu kilichotumwa. Jalada, majina, basi. Sura zangu zote hazipo. Hata kwenye jina la kitabu, Mimi nimeondolewa.

Nilimuuliza nani alimruhusu. Akajibu bila kuinua macho: "Weye mwenyewe ulisema nikate vyenye dunia haihitaji. Nikasoma yote. Nikakata."

Mara mama akaingia kuomba ukurasa wa papa. Patricia amemweka wa kwanza, peke yake katikati ya karatasi: Twagirimana, mtengeneza jibini, aliyewapa watu ng'ombe kumi na mmoja. Mama hajui kusoma. Aliweka kiganja juu ya jina, akaomba asomewe, akaomba tena. Halafu akasema, "Sasa iko na fasi yake." Nililia. Nasema wazi, nililia, ingawa baadhi ya machozi yalikuwa ya sura ya tatu.

Jumatatu, 3 Novemba
Nimetafakari wiki nzima na nimeelewa. Dunia imeshaona majina, sasa ina kiu ya kumjua mwandishi. Toleo la pili litarudisha sura zangu zote, na nimeongeza tano.

Asubuhi Papa Ndayambaje amekuja, kofia mkononi. Ana aibu. Siku ile alimtaja kila mtu akamsahau marehemu mke wake, Nyiramahirwe, aliyekuwa akimkamua Gaju miaka yote. Ameniomba sana nimwandike. Nimemwambia hakuna shida, ila kwanza aketi nimsomee sura mpya. Tangu ukurasa wa pili amefumba macho. Utamu umemzidi. Jina la mkewe nitaliandika nikimaliza, zimebaki kurasa hamsini tu.