Mrudisheni Mwidani Kiwandani

Likoni,
6 Juni 1994

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Daftari na Karatasi za Chooni,
Changamwe.

Bwana Meneja mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta na afya, na bado una kazi. Mimi ni mke wa Mwidani, nyapara wenu kwa miaka kumi na tisa, mliyemwachisha kazi mwezi jana mlipopunguza watu na kupanga kiwanda upya. Silalamiki kwamba mmempunguza. Nalalamika kwamba mmemleta kwangu, naye sasa anapanga nyumba upya.

1. Kila alfajiri hugonga kifuniko cha sufuria, watoto wakapanga foleni. Wakitoka hupapaswa mifuko, kama mnavyowapapasa watu langoni kwenu wasitoke na karatasi kiunoni. Nami nikitoka jikoni hupapaswa. Sisemi nimechukia, lakini majirani wanatazama.

2. Jogoo wetu ameachishwa kazi kwa kuwa saa ya ukutani ipo. Tulimla Ijumaa.

3. Mama yangu, mwenye miaka sabini, ameambiwa kwa adabu zote kwamba kukaa barazani hakuna faida kwa nyumba, na nafasi yake imeunganishwa na ya kumenya muhogo. Baada ya jogoo, mama halali.

4. Hili ndilo kubwa. Mwidani aliponiposa alisema wazi kuwa ni mtu wa zamu za usiku. Kwa hiyo mimi niliolewa na nusu yake, nusu ilikuwa yenu. Yangu nimeitunza. Yenu mmenirudishia bila hata kuniuliza, na wallahi sina pa kuiweka.

Naomba basi mumrudishe, hata langoni, apewe kengele na watu wa kupapasa. Ikishindikana, mumtume ofisa aliyetia sahihi barua ya kumwachisha aje akae hapa wiki moja, naye apangwe upya.

Wasalimie wote waliobaki, na zaidi mkeo, ambaye hajui raha aliyo nayo.

Wako mwenye subira inayokwisha,
Mwanatabu binti Rashid

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha. Dhahabu, mwanetu wa mwisho, ana miaka mitano, na siku zote humwamkia Mwidani kama mgeni. Leo amempandia mapajani akamwita baba bila kuagizwa, na Mwidani mwenyewe amelia. Tafadhali nafasi ikipatikana mpe mtu mwingine. Mahamri yangu yanauzika, tutakula hayo mpaka mtoto amzoee.